Kilichorekodiwa Tumboni kwa Eliza

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mashamba ya alizeti, na nesi Yasinta alikuwa tayari ameshika funguo za zahanati mkononi, pale alipowaona wanawake wawili wakija kwa njia ya kisimani. Wa mbele alikuwa mzee, anatembea haraka bila kugeuka nyuma. Wa pili alikuwa mjamzito, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika simu.

Aliwafahamu. Mjamzito ni Eliza, mimba ya miezi saba, na kabla ya hiyo mbili zilikuwa zimeharibika. Mzee ni Rahabu, mama mkwe wake. Katika kijiji kile, mwendo wa saa moja kutoka Iguguno, hakuna aliyekuwa na hamu ya kukaa karibu na Rahabu. Mdomo wake ulikuwa mkali, na watu walikuwa wanasema mengine pia, ila kwa sauti ya chini.

"Shikamoo, mama," alisema Yasinta.

Rahabu hakuitikia.

"Mpime," alisema. "Kichwa kinamuuma tangu asubuhi. Na ufanye haraka, sitaki kutembea gizani."

Yasinta akampima. Presha ilikuwa imepanda vibaya. Akampa dawa, akamwambia Eliza kwamba leo atalala palepale zahanati, halafu gari la wagonjwa litakuja asubuhi. Rahabu akasonya, akatoka nje, akaufunga mlango nyuma yake, akakaa kwenye benchi la barazani.

Walipobaki wawili, Eliza alimnyooshea nesi simu.

"Nesi, naomba unisaidie kitu. Baba Chrispin anataka asikie mapigo ya mtoto." Hivyo ndivyo alivyomwita mumewe, Chrispin, aliyekuwa kibaruani Itigi tangu mwezi wa kwanza. "Mara ya mwisho nilirekodi hivi hivi, simu nimeishika juu ya tumbo. Ikashika kelele za mabati tu. Akaniambia namdanganya, mtoto hayupo tena."

Yasinta alikuwa na mashine ndogo ya mkononi ya kusikilizia mapigo ya mtoto, yenye spika yake na tundu la hedifoni ubavuni. Isitoshe, mambo ya kurekodi aliyajua. Kwao Ikungi alikuwa akirekodi kwaya ya kigango kwa simu, na alikuwa amejifunza kwa kuharibu nyimbo nyingi. Ukichomeka pini yenye mistari miwili, simu haitambui kwamba umeiletea sauti ya nje. Inaendelea kusikiliza kwa maiki yake yenyewe, na unaondoka na makelele ya chumba kizima. Inatakiwa pini yenye mistari mitatu. Alikuwa nayo kwenye mkoba, na waya wake.

Akachomeka upande mmoja kwenye mashine, upande wa pili kwenye simu ya Eliza. Spika ya mashine ikanyamaza palepale. Akafungua programu ya kurekodi, akagonga kioo cha simu kwa ukucha, akapiga makofi mara mbili. Mstari wa sauti haukutikisika.

"Umeona? Sasa haisikii chumba. Inasikia kinachopita kwenye waya tu. Kitakachoingia humu kimetoka tumboni kwako."

Akapaka mafuta, akaweka kichwa cha mashine chini ya kitovu, akakitembeza taratibu. Mstari ukaanza kuruka, mfupi mfupi, haraka haraka. Mwanzoni ulikuwa unagonga juu kabisa, akapunguza sauti ya mashine ili isipasuke. Dakika mbili wakautazama mstari tu, kwa maana hakuna kilichosikika. Nje upepo ulikuwa unasukuma vumbi la mavuno chini ya mlango.

Kisha Yasinta akachomoa waya, akabonyeza kucheza.

Du-du, du-du, du-du... Moyo wa mtoto. Mzuri, wenye nguvu. Eliza akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike.

Du-du, du-du...

Halafu chini ya mapigo yale kukawa na kitu kingine. Kama mtu anayeburuta pumzi. Kama mtu aliyelala kifudifudi, mdomo kwenye mto, anaongea peke yake.

*Wawili nimekula...*

Yasinta akasogeza sikio karibu na simu.

*Wawili nimekula. Na huyu ni wangu.*

Mapigo yakaendelea dakika yote iliyobaki bila kubadilika. Sauti ile haikurudi tena.

Tabasamu la Eliza lilikuwa limekwisha. Hakulia. Aligeuza uso wake polepole, akatazama mlango uliofungwa.

"Ni mama," alinong'ona. "Nesi, hiyo ni sauti ya mama."

Na Yasinta, aliyekuwa amesomea kazi yake miaka mitatu, aliitambua vilevile. Ule ukavu. Ule ubaya wa mtu anayeongea kama anatema mate.

"Usiitume hiyo," alisema. "Unanisikia, Eliza? Usimtumie mtu yeyote."

Akaenda kunawa mafuta mikononi. Aliporudi, simu ilikuwa kifuani kwa Eliza, kioo kikiwaka.

"Nimeshamtumia," alisema Eliza. "Yule ni mume wangu. Ana haki ya kujua nani anamlia watoto."

Giza lilipoingia, wakaja.

Yasinta aliwasikia kabla ya kuwaona. Viatu vya matairi kwenye changarawe, watu wengi wasioongea. Akachungulia dirishani. Walikuwa saba au wanane, wana tochi na mapanga, na mbele yao alikuwepo Bonifasi. Bonifasi na Chrispin ni watoto wa baba mmoja. Mama yake Bonifasi alikuwa mke mwenzie Rahabu, alikufa kijana, na tangu afe Bonifasi alikuwa na jibu moja tu kuhusu aliyemuua.

Yasinta akafungua mlango, akamshika Rahabu mkono, akamvuta ndani kwa nguvu, akapiga komeo.

"Niachie," alisema Rahabu.

"Wanakuja kukuua, mama."

Rahabu akatazama dirishani. Hakushtuka.

"Kwa lipi safari hii?"

Eliza alikuwa amejikunyata kitandani, mikono miwili tumboni, anamtazama mkwewe kama anavyotazamwa nyoka aliyeingia ndani.

Mlango ukagongwa kwa bapa la panga.

"Nesi," ilisema sauti ya Bonifasi, ya upole kabisa. "Hatuna shida na wewe. Tutolee huyo mzee, ukalale."

Yasinta alichukua simu ya Eliza, akamwekea Rahabu sikioni. Hata yeye hajui kwa nini. Labda alitaka kumwona mzee anavyobadilika uso.

Rahabu alisikiliza mpaka mwisho. Na kweli alibadilika uso, lakini si kwa namna ambayo Yasinta aliitarajia. Alikaa chini, sakafuni, taratibu.

"Huyu amekufa," alisema. "Huyu ana miaka arobaini amekufa. Mnamrekodi vipi?"

"Nani?"

"Mama mkwe wangu." Alipangusa mdomo kwa upindo wa khanga. "Mimba ya kwanza ya Chrispin... ya kabla ya Chrispin, ilivyokuwa inasumbua, mkunga aliweka sikio tumboni kwangu akasikia anaongea. Mimi nikaweka mkono, nikamsikia kwenye mkono. Wakamfukuza usiku ule ule. Alikutwa njiani, fisi walishapita. Na mimba ikatoka vilevile."

"Mama, hii ni sauti yako," alisema Yasinta.

"Yangu? Inasema lugha gani?"

"Inasema..."

Yasinta alikuwa ameelewa kila neno bila kufikiri. Hakuwahi kujiuliza. Na sasa akajiuliza. Maneno yale yalikuwa Kinyaturu, Kinyaturu cha kwao kabisa, cha jikoni kwa mama yake.

"Kinyaturu," alisema.

"Mimi ni Mnyiramba," alisema Rahabu. "Kinyaturu sijui hata salamu. Na kama ningetaka kumla mtoto wa mwanangu, ningehangaika kuongea kwa ajili gani?"

Eliza kitandani alisema kwa sauti nyembamba, "Mbona mimi nimesikia Kiswahili..."

Eliza alizaliwa mjini, Singida. Kiswahili ndiyo lugha aliyokua nayo.

Bapa la panga likagonga tena, safari hii na bawaba zikatikisika. Yasinta akasogea dirishani, akafungua upande mmoja, nondo zikiwa kati yake na wao.

"Bonifasi. Hiyo rekodi unayo?"

"Ninayo. Chrispin ametutumia wote."

"Inaongea lugha gani?"

Bonifasi alimtazama kama anatazama mwendawazimu. "Kinyiramba. Ulitaka aongee Kizungu?"

"Obadia, wewe umesikia lugha gani?"

Obadia alikuwa amesimama nyuma kidogo. Ni Mgogo, alihamia pale kutoka Manyoni na kaka yake, wakafunga mashine ya kukamua alizeti. Mtu mpole, hakuwa na ugomvi na mtu.

"Kigogo," alisema Obadia.

Tochi zikageuka kumwangalia.

"Kigogo kitupu," alirudia, na sasa alikuwa anayasikia maneno yake mwenyewe.

"Huyu mzee hajui Kigogo," alisema Yasinta. "Hajui na Kinyaturu nilichosikia mimi. Sikilizeni tena. Kila mtu na simu yake. Msikilize mnasikia sauti ya nani."

Baadaye alikuja kuyajutia maneno hayo kuliko yote aliyowahi kusema maishani mwake. Lakini wakati ule aliona ndiyo njia ya kumwokoa mzee.

Wakasikiliza. Kundi zima limesimama gizani, nyuso zimemulikwa na vioo vya simu, kila mmoja ameinamisha kichwa. Mapigo ya moyo ya mtoto yakasikika kutoka kwenye simu nane kwa pamoja, yakipishana.

Du-du, du-du, du-du...

Mmoja akashusha panga. Mwingine akarudi nyuma hatua moja, akawaacha wenzake, akaondoka bila kuaga. Bonifasi ndiye aliyesikiliza mara mbili. Simu ilipokwisha kucheza, uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyeamshwa.

"Huyu si mama Rahabu," alisema.

"Si yeye," alisema Yasinta. "Nendeni nyumbani."

"Ni Leah."

Leah ni mke wa Bonifasi.

"Yule mtoto wetu aliyekufa mwaka juzi," alisema Bonifasi taratibu, anajisemea. "Kumbe..."

Akageuka. Hakukimbia. Alitembea kwa hatua ndefu kuelekea kwake, panga mkononi, na Yasinta akamwita kwa jina mara tatu, na hakugeuka.

Namba ya Leah ilikuwa kwenye daftari la kliniki. Yasinta alibonyeza kwa vidole vinavyokosea, akakosea tena, ikaita. Leah alipopokea, kulikuwa na sauti ya sahani na watoto nyuma yake.

"Toka humo ndani sasa hivi. Chukua watoto. Pitia nyuma, usipite njiani. Usiniulize kitu, toka."

Na Leah, Mungu amjalie, hakuuliza. Alijificha na wanawe kwenye mahindi mpaka alfajiri, akapanda gari la kwanza lililopita, na hadi leo yuko kwao hajarudi. Bonifasi alikuta ugali bado una moshi. Majirani wanasema alikaa kwenye kiti mbele ya ule ugali mpaka kukakucha, simu sikioni.

Yasinta alimshukuru Mungu usiku ule. Alidhani limepita.

Asubuhi, gari la wagonjwa lilipokuwa linamchukua Eliza, wanawake waliokwenda kukamua mafuta walimkuta kaka yake Obadia ndani ya kibanda cha mashine, amelala juu ya mashudu. Panga lilikuwa limeachwa palepale. Obadia mwenyewe alikuwa amekaa nje, ananawa mikono kwenye ndoo ambayo maji yake yalikuwa yamekwisha zamani.

Usiku ule Obadia aliulizwa lugha tu; hakuna aliyemuuliza alisikia sauti ya nani.

Eliza alijifungua salama hospitalini, mtoto wa kike, kilo tatu. Rahabu ndiye aliyemkanda na kumwogesha mtoto, na Eliza alimruhusu, ila hakuwahi kuwaacha wawili peke yao hata kwa dakika ya kwenda chooni. Chrispin alirudi kutoka Itigi. Wakaifuta rekodi ile kwenye simu zao zote mbili, mbele ya mchungaji.

Lakini kitu kilichokwisha tumwa hakifutiki. Ilizunguka Iguguno, ikafika Singida mjini, watu wakaitumiana wakicheka, mpaka mmoja wao anyamaze ghafla na kumwangalia mwenzake. Mwezi wa nane iliingia kwenye kundi la simu la manesi wa mkoa, na chini yake mtu aliandika: *Wenzangu, hiki ni nini?*

Yasinta aliiona akiwa chumbani kwake. Alikuwa amehamishiwa Ikungi, anakaa na dada yake Belinda, aliyemlea na kumsomesha baada ya wazazi wao kufa. Alijua kabisa hatakiwi kuisikiliza. Lakini alijiambia kwamba alishaisikia, anaijua, haina jipya, na kwamba sasa hana mtu yeyote anayemwonea shaka.

Akachomeka hedifoni, akasikiliza.

Mpaka leo hajamwambia mtu alichosikia. Belinda naye haelewi amemkosea nini mdogo wake, anauliza majirani, anauliza padri. Anaona tu kwamba Yasinta amehamia chumba cha kupanga nyuma ya soko, na kila anapompelekea chakula anapokelewa vizuri mlangoni, anashukuriwa, na kesho yake asubuhi anaikuta sahani mlangoni pake, chakula kimo, imefunikwa vilevile kama alivyoifunika yeye.