Usikate, Shemeji

Mimi na mume wangu ni mafundi cherehani. Chumba chetu cha mbele ndiyo ofisi. Mwezi ule meza ilijaa kitambaa cha rangi za timu ya taifa, maana tuliahidi jezi za mashabiki mtaa mzima. Timu ikifuzu, zitavaliwa. Isipofuzu, nani atazitaka?

Jioni ile timu yetu ilifungwa mechi ya mwisho ya kundi. Redio ikasema wapinzani wetu wa nafasi ya pili wanaongoza mechi yao huko kwao, mabao matano kwa bila, na mpira unakaribia kwisha.

"Kwisha habari yetu," mume wangu alisema. "Wakishinda wanafikisha pointi kumi kama sisi, na mabao wanayo mengi." Akachukua mkasi. "Nakata foronya."

"Foronya za rangi hizi? Nani atapata usingizi?"

Nilitania, lakini nilikuwa na hofu kweli. Kitambaa kikishakuwa foronya hakirudi kuwa jezi.

Jirani yetu Filimbi akaingia. Tunamwita hivyo kwa sababu ni refa. Huchezesha mechi za shule.

"Shemeji, usikate."

"Niache. Kundi lina timu nne, zinafuzu mbili. Moja imeshapita. Sisi wa tatu."

"Nani kakwambia? Mkilingana pointi, mashindano haya hayaanzi na mabao yote. Yanaanza na mechi mlizocheza nyinyi wawili."

"Mbona kwenye ligi wanaanza na mabao?"

"Hiyo ni ligi. Kila mashindano na kanuni zake. Hapa nyumbani tuliwafunga ngapi?"

"Mbili bila."

"Na kwao?"

"Walitufunga moja bila."

"Haya, jumlisha."

"Mbili kwa moja." Akasita. "Tuko mbele?"

"Hata wafunge kumi leo."

Mume wangu hakuamini. Mkasi ulikuwa umeshauma ukingo wa kitambaa. "Tusikie redio kwanza," alisema.

Mpira ukaisha. Mtangazaji akaanza kutaja timu mbili zilizofuzu. Akataja ya kwanza, kisha redio ikakwaruza. Niliipiga kofi. Ikakwaruza tena. Halafu tukasikia jina la nchi yetu.

Mume wangu alikaa chini, machozi yakimtoka. Hata mimi nililia.

Mlango ukagongwa. Alikuwa muuza mkaa, uso umemshuka.

"Fundi, ile jezi yangu basi tena. Tumetolewa."

Mume wangu akamvutia kiti.

"Kaa hapa, ndugu yangu. Wale jamaa, hapa nyumbani tuliwafunga ngapi?"