Ndege wa Kioo cha Kulia

Jua lilikuwa limeshuka hadi vichwani mwa minazi mume wangu aliponiomba niende shambani kuijaribu darubini.

Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru. Tsuma alikuwa ameajiriwa na watu wa misitu kuhesabu ndege kando ya msitu wa Kaya, ule wa matambiko ya wazee, hapa kwetu Kinondo. Darubini ya kazi, ile ya matundu mawili, ilikuwa imerudi siku hiyo kutoka kwa fundi wa saa Mombasa. Ikiwa bado mbovu, ingebidi irudishwe kwa basi la alfajiri. Mwenyewe hakuweza kufika shambani. Mwiba ulikuwa umemchoma mguu, ukavimba kama muhogo.

"Jicho moja kwanza, mama Mishi," alinielekeza. "Fumba la kulia, tazama kwa la kushoto. Kisha ubadilishe. Ukitazama kwa yote mawili, kioo kizima kitakifichia kibovu."

Alikuwa amempakata mtoto wetu, Mishi, wa miezi mitatu. Mchana ule, nilipolala kwa uchovu, alichechemea hadi kisimani, akazifua winda za mtoto zote tatu, akazianika. Jirani yetu Mbodze alimcheka hadi akashika mbavu.

"Shemeji, sasa bado kunyonyesha tu!"

Tsuma alicheka naye, akaendelea kukamua. Nilitoka nikiuwaza wema huo, nisitazame kamba ya nguo. Na mwanamume hafundishwi mambo ya nguo za mtoto.

Nilisimama katikati ya mihogo. Jicho la kushoto kwanza. Kwenye mti mkavu ukingoni mwa msitu walitua hondohondo wawili, nikaona hata mikunjo ya ngozi machoni mwao. Kati yao palikuwa na tawi tupu.

Nikabadilisha.

Jicho la kulia. Hondohondo wawili. Na kati yao...

Nikarudi kushoto. Tawi tupu.

Kulia.

Alikuwepo.

Alikuwa mkubwa kuliko jogoo, mweusi kama masizi, amenipa mgongo. Hondohondo walijichokoa manyoya karibu naye kana kwamba hawamwoni. Kisha ikaja harufu. Maziwa yaliyochacha.

Harufu ile niliijua. Ilijaa nyumbani kwetu mwaka wa Madaraka, siku alipokufa mwanangu wa kwanza, Matano, wa siku arubaini. Alikakamaa mikononi mwangu, macho yakageukia juu. Walisema ni nyuni, ndege asiyeonekana, apitaye wakati wa magharibi. Kivuli chake kikimgusa mtoto mchanga, au kikigusa nguo yake iliyoachwa nje, mtoto hukakamaa. Wakanifunika kanga usoni, kwa kuwa mama hapaswi kutazama juu. Nilitii. Waliponifunua, Matano alikuwa amekwisha.

Nguo iliyoachwa nje...

Niligeuza darubini upande wa nyumbani. Winda tatu zilikuwa bado kambani, nyeupe, zikipepea.

Fwaa.

Nyuma yangu, kama kanga mbichi inayokung'utwa.

Fwaa... Fwaa...

Alipita juu ya kichwa changu, akielekea kwetu.

Kukimbia nisingewahi. Kupiga kelele kungemleta Tsuma nje na mtoto mkononi. Nikafumba jicho la kushoto, nikamkazia la kulia.

"Nimekuona," nikasema.

Akasimama. Hewani, mabawa wazi, kama nguo iliyonaswa mwibani.

Nikaanza kutembea bila kushusha darubini. Sikuona nilipokanyaga. Nilijikwaa kwenye matuta, ukucha ukang'oka, jasho likaniingia jichoni. Kila nilipopepesa, alikuwa amesogea mbele, kidogo tu. Nikajifunza kutopepesa. Machozi yalinitiririka, nami nilikwenda.

Nilipofika uani, alikuwa juu ya paa letu.

"Baba Mishi," nikanong'ona.

"Ehe! Nzima?"

"Anua nguo za mtoto."

"Lakini hazijakau..."

"Anua. Mtoto mwache ndani. Usitazame juu."

Hakuuliza tena. Mpaka leo hilo namshukuru. Nilimsikia akimlaza Mishi mkekani, kisha akatoka kwa magoti, akiuburuta mguu wake mbovu mchangani. Akavuta winda ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilikuwa mwisho wa kamba, chini ya yule ndege kabisa.

Ndipo ndege akanigeukia.

Hakuwa na mdomo wa ndege.

"Mama..." Sauti nyembamba, ya mtoto. "Mama, baridi..."

Darubini ikashuka upana wa kidole, na kivuli kikaanza kuteremka ukutani. Miaka miwili nilikuwa nikiingoja sauti hiyo. Nilitaka kumfunulia kanga aingie. Wallahi nilitaka.

Lakini nikamkumbuka mwanangu vizuri, na ulimi wake mdogo uliojua kunyonya tu.

"Mwongo," nikasema, nikaiinua darubini. "Matano wangu alikufa hajui kusema. Neno hilo umeliiba kwa mtoto wa nani?"

Tsuma akaivuta winda ya tatu, akaikumbatia kifuani.

Kioo kikawa cheusi. Kilipopata nuru tena, niliona makuti ya paa letu na mbingu tupu. Ndani, Mishi akaangua kilio. Kilio kizuri, cha njaa.

Tsuma alimtumia fundi salamu kumwuliza alichokifanya. Jibu likaja kwamba alifungua upande wa kushoto tu. Wa kulia aliukuta mzima, hakuugusa. Majirani waliposikia, walinishauri darubini itoswe baharini, kwa maana nyuni hasamehi kuonwa. Nikawaambia haitoswi. Nilifunikwa uso mara moja, sifunikwi tena. Tangu siku hiyo, kabla ya adhana ya magharibi, nazunguka nyumba hadi nyumba nikianua nguo za watoto wa watu. Wanaocheka na wacheke.

Mbodze hakucheka. Jioni ya tatu alinijia uani, mikono amejikumbatia.

"Mwanarusi shoga yangu, alikwambiaje hasa?"

"Alisema, 'Mama, baridi.'"

Akaketi mchangani pale pale. Binti yake, Kadzo, alikuwa na miaka miwili homa ilipomchukua mwaka uliopita. Wote tulijua. Tusilolijua ni maneno yake ya mwisho, kwa kuwa Mbodze hakuwahi kumwambia mtu. Sasa aliniambia. Yalikuwa hayo hayo mawili.

Akanyoosha mkono. Nikampa darubini, nikamwambia afumbe jicho la kushoto.

Aliutazama ule mti mkavu kwa muda mrefu. Upepo ulikuwa umetulia. Maziwa yaliyochacha yakaanza kunuka, polepole...

"Mwanarusi," akanong'ona. "Ulisema ni mmoja?"

Nikamshika kiuno asianguke.

"Usishushe," nikamwambia. "Wahesabu."