Kona ya Mto Aliyoiruka Jepleting

Ilianza na harufu. Viazi vya kuchemsha na moshi wa kuni, ghorofani, mjini Nakuru, katika ofisi ya wapima mashamba ambako hata chai huletwa kwa chupa. Jepleting, mchoraji ramani, alifungua dirisha akajiambia ni hoteli ya chini. Uongo. Hoteli ile inapikia gesi, na yeye alikula huko kila siku.

Alijua harufu imetoka wapi.

Shamba la zamani la mzungu kule Kuresoi lilikuwa linagawanywa. Kazi ya Jepleting ilikuwa kuchora umbo juu ya picha ya eneo lote, kisha kuiambia kompyuta ikate: kilicho ndani kihifadhiwe kwa faili mpya, kilicho nje kitupwe. Mpaka ulifuata mto, na mto ule una kona nyingi, kila kona inataka kubofywa. Jepleting alikuwa na haraka ya kwenda kusukwa nywele. Akairuka kona moja kwa mstari ulionyooka. Ndani ya kona hiyo aliona bati la nyumba likimeta. Aliliona vizuri sana! Akasema nyumba moja ni nini, akahifadhi.

Watu wakagawiwa mashamba kwa faili hiyo, na kona iliyobaki nje ikachukuliwa na wengine. Mjane mmoja, bibi kizee aliyeitwa Gogo Cheptanui, alipokuja kuuliza mbona wamembomolea nyumba, bosi Kosgei alimjibu, "Gogo, wewe hauko kwa ramani." Jepleting alikuwa papo hapo, macho kwa skrini, kama mtu anayesoma Biblia.

Baada ya harufu ikaja sauti ya jembe, ikilima chini ya meza yake mchana kweupe.

"Mnasikia?" alinong'ona.

"Tusikie nini? Punguza kahawa, madam," Kosgei akacheka.

Jumamosi, nyumbani Langalanga, akimpakulia mumewe Bethwel ugali, aliona binti yao Valarie amesimama mlango wa jikoni, mdomo ukifunguka na kufungika bila sauti.

"Bethwel, mwangalie mtoto."

"Mtoto gani?"

Bethwel aliutazama mlango kama mtu anayetazama ukuta, akarudi kwa ugali wake, na Jepleting akaona mstari mwekundu umekata sakafu kutoka mlangoni hadi dirishani, mstari ulionyooka kama ule wake, na ng'ambo ya mstari mtoto akilia bila kusikika, na nyuma ya mtoto mzee mrefu mwenye koti kuukuu, udongo mbichi ukimdondoka mabegani, ameweka kiganja juu ya kichwa cha msichana, taratibu, bila hasira, kama mtu aliyeshika kilicho chake.

Hakungoja kula. Alimkuta Gogo Cheptanui kwenye stoo ya kanisa huko Kuresoi, akimenya viazi.

"Gogo, ni mimi nilikukata. Niliona bati lako."

Kisu hakikusimama. "Uliona."

"Niliona. Na sasa kuna mzee wa koti amemshika mtoto wangu."

"Huyo ni Kipsang, bwanangu. Tulimzika nyuma ya nyumba, na sasa wanalima viazi juu yake."

"Mwambie aniachie mtoto, tafadhali."

"Mwambie wewe! Mimi nilimwambia aache pombe mpaka akafa. Alisikia?" Akatupa kiazi kibovu kwenye ndoo. "Nenda utembee huo mto kwa miguu. Kila kona umwage maziwa, useme mbele ya watu ulichofanya. Ndio uchore."

Akatembea akimwaga maziwa, majirani wakimfuata, wengine wakimzomea. "Nilimkata Gogo kwenye ramani," alisema kila kona, sauti ikizidi kukauka. Kwenye kona ya Cheptanui alikaa chini na laptopu, akaufuata mto pindo kwa pindo. Kidole kikiwa tayari kuhifadhi, moshi wa kuni ukamfunika, majirani wakatoweka machoni, na sauti nzito ikauliza sikioni, pumzi yake baridi ikinuka udongo:

"Na nje abaki nani?"

Angeweza kumtaja Kosgei. Jina lilimfika ulimini kabisa. Lakini mkono uliovuta ule mstari ulikuwa wake, na bati alikuwa ameliona yeye.

"Mimi," alisema, akabofya.

Moshi ukaisha. Kosgei alipotumiwa faili alifoka, akatukana, lakini aliipeleka kwa wagawaji, na baadaye Cheptanui akarudishiwa kipande chake.

Jioni hiyo hiyo ya kutembea mto, Jepleting alifika Langalanga jua likizama. Akiwa langoni alisikia sauti ya Valarie, nzima, ikibishana na baba yake juu ya nyama. Akavuka ua mbio. Akasukuma mlango.

Mtoto alimtazama, akamvuta Bethwel shati. "Baba, kuna mtu."

Bethwel aliinuka kwa adabu, akajifuta mikono. "Sema, mathe. Unatafuta nani?"

Jepleting alimtazama mtoto akitafuna, shavu limejaa.

"Nimekosea nyumba," akasema, akawafungia mlango vizuri, upepo usiwapige.