Kishikio cha Nje

Shemeji yangu Bisibisi, mume wa dada yangu, ni fundi madirisha. Sisemi fundi wa kubahatisha. Mfunge kitambaa machoni, mpitishe mtaani, atakutajia kwa mlio wa upepo tu nyumba ipi dirisha lake limelegea skrubu. Amefunga madirisha elfu ishirini, pengine thelathini, hata yeye mwenyewe alishaacha kuhesabu. Na kichwa kilimvimba kwa hilo. Ukimwambia neno kuhusu dirisha, anacheka kwanza, halafu ndio anasikiliza, akiamua kusikiliza.

Jumamosi hiyo alikuwa amekunywa chai yake, amevaa kaptura yake ya nyumbani, na mkewe amemkazia macho.

"Baba Kitinda, fundi wa dunia nzima, dirisha la mwanao halifunguki."

"Leo nalimaliza."

"Ulisema hivyo tulipohamia. Wiki ya pili hii."

Kitinda alikuwa na miaka tisa. Mtoto wa mwisho, wa kike peke yake baada ya kaka watatu waliokwisha kwenda zao, na Bisibisi alimpenda mpaka watu wakawa wanamcheka. Mtoto mwenyewe alikuwa na pumu. Daktari alisema alale kwenye hewa, bila hewa siku moja hatafika hospitali. Ndiyo maana wakapanga ile nyumba, yenye chumba cha nyuma kikubwa na dirisha linalotazama uwanja. Kumbe dirisha lenyewe limefungwa, na kishikio chake, kile chuma unachokizungusha ili lifunguke, kimekatika.

Akabeba sanduku la vifaa, akaingia chumbani. Akatafuta kishikio. Hakipo. Palipopaswa kuwa na kishikio palizibwa kwa puti, ule udongo wa kubandikia vioo, ya zamani sana, imekuwa rangi ya jino. Akatoka, akazunguka nyumba. Kishikio kilikuwa nje.

Bisibisi akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama Kitinda! Njoo uone maajabu! Fundi kafunga dirisha kinyumenyume!"

Lakini mkono wake ulikuwa tayari umeshika kile kipande kilichobaki, na mkono wa fundi husoma wenyewe. Chuma kilikuwa kimelika. Kililika pale vidole vinapokaa, taratibu, kama sabuni inavyolika. Alikisoma kama wenzake wanavyosoma barua. Mtu mzima. Mkono wa kulia. Alikuja kila siku, miaka zaidi ya ishirini, akasimama hapa uani, akafungua dirisha kutoka nje. Kisha akalifunga, akaondoka.

Nani hufungua dirisha la chumba akiwa nje ya nyumba?

Mwenye nyumba alikuwa mjane aliyeishi nyumba ya pili, wote walimwita Mama Funguo, maana alining'iniza kiunoni funguo nyingi kuliko milango aliyokuwa nayo. Bisibisi akamwita juu ya ua.

"Mama, fundi wako alikuwa amelala?"

"Aliambiwa aweke hapo."

"Na nani?"

"Na mimi. Kimekatika, weka kingine palepale. Nje."

"Mama yangu, mimi dirisha la kwanza nilifunga kabla sijaota meno."

"Nakuomba, baba. Nje." Akasogea, akashusha sauti. "Na wa kulifungua uwe wewe. Asiwe mtoto."

Hapo ndipo angesikiliza. Lakini alikuwa ameshaanza kucheka.

Akazibua yale matundu ya zamani, akafunga kishikio kipya cha shaba ndani, kimo cha mtoto, ili kifua kikimbana ajifungulie mwenyewe bila kungoja mtu. Na mafundi wa ukoo wake wana desturi moja, aliitoa kwa babake, babake kwa babu: fundi hajaribu dirisha alilofunga. Mwenye chumba ndiye hulifungua mara ya kwanza. Akamwita Kitinda.

Mtoto akaweka mkono wake wa kulia juu ya shaba. Kidole chake cha shahada hakikuwa na ukucha. Kilibanwa na bawa la dirisha kwenye karakana ya babake akiwa na miaka minne, na ukucha haukuota tena. Bisibisi hakuwahi kujisamehe kwa kidole kile. Mtoto akazungusha. Dirisha likafunguka laini.

Hewa haikuingia. Ilitoka. Ilipita kati yao, baridi, ndefu, na harufu ya nguo zilizokunjwa miaka.

Siku ya kwanza dada yangu alifurahi. Kifua cha mtoto kilitulia. Siku ya pili, akiwa jikoni, akasikia Kitinda akikohoa chumbani. Akasikia tena. Vikohozi viwili, kimoja juu ya kingine.

"Mwenzangu anasema asante," Kitinda alisema wakati wa chakula.

"Mwenzako yupi?"

"Anayelala upande wa ukuta. Alikuwa hana hewa."

Bisibisi akacheka, akamwambia mkewe watoto wana mambo. Mkewe hakucheka.

Siku ya tatu, saa nane mchana, jua limewaka vizuri, fundi akaingia kukaza skrubu. Akashika kishikio. Akakiachia kama kimemuunguza.

Kilikuwa kimelika.

Shaba mpya. Siku tatu. Vidole vinne vidogo vilikuwa vimejichimbia humo, kazi ya miaka ishirini. Akaviweka vidole vyake juu yake avisome. Mtoto. Mkono wa kushoto.

Kitinda hakutumia mkono wa kushoto hata kushika kijiko.

Akaking'oa, akafunga cha chuma, kinene, cha milango ya ghala. Kesho yake mchana kilikuwa kimelika vilevile. Akaenda kwa Mama Funguo, akagonga mpaka vidole vikamuuma. Alijua yumo. Alisikia funguo zikitikisika nyuma ya mlango.

"Mama, nifungulie. Nini kiko kwenye chumba kile?"

Funguo zikatikisika tena.

"Mama, nina mtoto mmoja tu wa kike."

Funguo zikanyamaza.

Ndipo mkewe alipopiga ukelele.

Alikimbia. Yule mtu mzito, goti bovu, alikimbia kama ana miaka kumi na mbili. Akamkuta dada yangu mlangoni pa chumba, mguu hauingii wala hautoki. Kitinda alikuwa amesimama dirishani, amewapa mgongo, ameshika kishikio. Kwa mkono wa kushoto.

"Kitinda. Achia."

Hakugeuka.

"Achia, mama. Njoo kwa baba."

"Siwezi," alinong'ona. "Nikiachia nitabaki."

Bisibisi akatoa bisibisi mfukoni. Mikono iliyofunga madirisha elfu thelathini ikakosa kichwa cha skrubu mara tatu. Skrubu ya kwanza. Ya pili. Kishikio kikatoka pamoja na mtoto, akamdaka, akambeba kifuani, akatoka naye mbio.

Mlangoni akasikia kile kikohozi. Alikijua. Alikuwa amekesha nacho miaka tisa. Akamkumbatia mtoto zaidi, akasema pole mwanangu, pole.

Hakujiuliza kwa nini kikohozi kilitoka nyuma yake.

Akamkabidhi mtoto kwa mamake, uani, kwenye jua. Akarudi peke yake. Chumba kitupu. Akachungulia chini ya kitanda, akafungua kabati. Kitupu. Akaziba matundu ya ndani kwa puti mpya, akailainisha kwa kidole gumba. Akafunga mlango kwa ufunguo. Akazunguka nje, akafunga kishikio kilekile pale kilipokuwa tangu zamani. Nje. Akazungusha. Dirisha likajifunga.

Akakaa chini, akalia kwa furaha.

"Imekwisha," akasema. "Imekwisha, mama Kitinda."

Mkewe alikuwa amempakata mtoto. Mtoto alitulia tuli. Alipumua vizuri, kifua laini, hakuna hata mluzi. Alikuwa akitazama jua kama mtu aliyelisikia kwa kusimuliwa tu.

Ndani ya chumba mtu akakohoa.

Mara moja. Kisha ule mluzi wa kifua. Kisha kucha zikakwaruza nyuma ya kioo, taratibu.

"Baba," kikasema kitu, kwa shida, kati ya pumzi na pumzi. "Baba, fungua."

Dada yangu akautazama mkono wa mtoto aliyempakata. Mkono wa kulia. Akavihesabu vidole, akavihesabu tena.

Vyote vilikuwa na kucha.

Bisibisi alivunja kioo kwa ngumi. Akaingia kwa dirisha, mkono unachuruzika. Chumba kitupu. Kichupa cha dawa ya pumu cha Kitinda, ile ya kuvuta mdomoni, kilikuwa sakafuni, kifuniko wazi. Akatoka, kikohozi kikaanza. Akaingia, kikanyamaza. Alifanya hivyo mpaka jua likashuka, anaingia, anatoka, na anaita jina la mwanawe kwa sauti ambayo majirani wa mtaa wa tatu waliisikia.

Mama Funguo alikuja asubuhi. Alisimama nje ya ua, akaita kwa sauti ndogo, "Tuku?" Na kabla mtu hajamuuliza anamwita nani, yule mtoto akageuka, akapunga mkono wa kushoto.

Bisibisi akapiga magoti kwenye vumbi.

"Mama, nirudishie."

"Kabla ya wako, humo alikuwamo wangu," alisema. "Mwaka wa ishirini na sita namfungulia apate hewa. Mpaka kishikio kikachoka kabla yangu."

"Anatokaje? Niambie anatokaje."

"Kama wangu alivyotoka. Mtoto wa huku afungue kwa ndani." Akajifuta macho kwa kanga. "Nilikuambia nje, baba. Nilikuambia."

Alilia, ndiyo. Lakini kilio kile hakikuwa cha mtu aliyepotelewa.

Sasa ni mwezi wa saba tangu siku ile. Yule mtoto yuko kwao, anakula, anaoga, anamwita dada yangu mama. Dada yangu anamlisha akiwa ameangalia pembeni. Bisibisi ameacha kazi. Aliwahi kubomoa dirisha lote, fremu na vyote, kikohozi kikakatika. Siku mbili kimya. Siku ya tatu alilirudisha mwenyewe, analia, anagongomea misumari kwa mkono uliofungwa bandeji, anasema kimya kile ni kibaya zaidi. Alipomaliza, akasikia mluzi wa kifua. Akacheka kwa furaha. Watu waliomwona hawakukaa kumtazama.

Kila siku saa nane mchana anasimama uani. Anazungusha kishikio, anafungua. Anangoja kifua kile kitulie. Anasema mambo ya siku, ya mtaani, ya mamake. Saa kumi anafunga. Kishikio kimeanza kulika. Mkono wa kulia, mtu mzima.

Juzi alinipigia simu.

"Shemeji," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeshindwa, "yule mwanao wa mwisho, likizo hii, si angekuja kwetu? Siku moja tu. Ana miaka mingapi sasa, minane?"

Na mimi siogopi mtu, kila mtu anajua, nimewahi kumfukuza fisi kwa kandambili. Nilikwenda kumkatalia usoni. Hakubishana. Alinishika mkono, akaniingiza katika kile chumba, akanionyesha mahali alipoziba kwa puti. Miezi saba. Imekauka, ngumu kama jiwe. Nilijaribu kuikwaruza kwa msumari, msumari ukapinda.

Katikati yake palikuwa na vidole vinne vidogo, vimebonyezwa ndani kabisa, na puti ya pembeni yake ilikuwa bado laini, yenye unyevu. Mkono wa kulia. Vidole vitatu vilikuwa vimeacha alama ya ukucha.

Kidole cha shahada hakikuacha.