Sakafu ya Teksi

Haya yalimpata rafiki yangu, dereva teksi, mtu asiyejua uongo wala mapumziko. Kelele za gari lake kuukuu zilikuwa zimemchosha. Siku moja aling'oa viti na zulia, akakwangua sakafu, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akabandika mpira wa kuzuia sauti. Jioni, hoi bin taabani, alirudisha viti vya mbele, akampakia mkewe wakalijaribu.

Kelele zote zilikwisha. Hapo ndipo wakasikia, gizani nyuma yao, mtu akikoroma taratibu.

“Baba watoto, umembeba nani?”

“Sijabeba mtu. Hata kiti cha nyuma sijakirudisha.”

Mkoromo ukakatika. Kisha mtu akapiga mwayo mrefu, kama aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi.