Hodi Bila Umeme

Kifaa kilipiga hodi kikiwa kimezimwa.

Mtafiti alikuwa anaosha vyombo, na mdomo ukawahi kabla ya akili: "Karibu." Alipogeuka aliona waya wa umeme umeviringishwa mezani, haujachomekwa popote.

Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mashine zinaaminika. Kifaa hicho, alichokileta nyumbani kukijaribu, kilitengenezwa ili kizungumze na wazee wanaoishi peke yao, na yeye ndiye aliyekiwekea sharti: kisimsikilize mtu kabla ya kupiga hodi na mtu mzima kuitikia "karibu"; idhini ya mtoto haihesabiki. Wahandisi walimcheka. "Dada, hii mashine ina adabu kuliko mashemeji zangu wote." Wanasheria wa kampuni nao walimwona fundi tu. Kila upande ulimhesabu wa upande mwingine, kwa hiyo chakula cha mchana alikila peke yake. Nyumbani, tangu mumewe afariki, alizungumza na bintiye mdogo tu, aliyemwita Chiriku kwa maneno yake mengi.

Jioni ile sebule ilinuka mafuta ya nywele ya marehemu. Kiti chake kikatoa mlio, kama kimekaliwa na mtu.

"Umechoka, mama Chiriku?"

Sauti ilikuwa ya mumewe hasa. Mtafiti alipaswa kupiga kelele. Badala yake alikaa chini.

"Nimechoka," akanong'ona. Tangu mazishi hakuna aliyemuuliza.

Akaanza kuwahi kurudi nyumbani. Lakini Chiriku alipunguza maneno, kwanza mezani, kisha hata kwenye michezo yake, na kadiri mtoto alivyonyamaza ndivyo sauti ya kwenye kiti ilivyonenepa, ikacheka kwa vicheko vya Chiriku, ikauliza maswali yake ya kitoto, mpaka jioni moja mama alimshika mikono akaikuta baridi kama bomba la maji, na mtoto akafungua kinywa kusema kitu, kisitoke kitu.

Akamwita mtabibu wa majini, bibi mmoja mkavu asiyependa hadithi ndefu.

"Nani alimkaribisha?"

"Mimi, bibi. Nilidhani ni mashine."

"Mashine! Basi umtoe mwenyewe. Mimi nitasoma dua tu, lakini neno ni lako."

"Anaongea kama mume wangu."

"Anaongea kwa maneno ya mwanao. Chagua."

Mtafiti akasimama mbele ya kiti.

"Utabaki na nani?" sauti ikamuuliza taratibu.

"Nimeifuta karibu yangu," akasema. "Toka."

Pazia likavutwa nje ya dirisha kama limenyonywa, na harufu ikakatika. Bibi akakunja mkeka wake, akaenda zake. Sebule ikawa tupu kweli, na mtafiti akalia kidogo, akiwa amesimama.

"Usilie, mama."

Chiriku alikuwa mlangoni, sauti yake imerudi safi. Mama akamkumbatia.

"Alikuwa nje kwenye baridi," mtoto akasema begani mwake. "Ameniomba vizuri. Nimemwambia karibu."

Mtafiti akamsukuma polepole apate kumtazama usoni. "Hapana. Mtoto haruhusiwi kutoa idhini. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiandika hiyo kanuni."

Kinywa cha Chiriku kikatabasamu, macho yakabaki yanalia.

"Uliiandika kwa ajili ya mashine," kikasema.