Waya Alioacha Nati

Kila akitoka shule, Nati hupitia gereji ya mjomba wake. Jina hilo walimpa mafundi, kwa kuwa ni mdogo, mgumu, na huingia popote. Huvaa ovaroli iliyokunjwa miguu, kisha husaidia kazi ndogondogo.

Siku hiyo alikuwa anafagia sakafu wakati teksi moja ilipoingia kwa kasi, ikapiga ndoo ya oili chafu teke la bure. Dereva wake, pande la mtu aitwaye Kifua, alishuka na spana ya magurudumu mkononi. Madereva wenzake wawili walimfuata.

"Mwizi wewe!" alimfokea Mjomba. "Jana nimekuletea gari, leo taa ya injini inawaka! Fundi mwingine kalipima kwa mashine, anasema masega yamekufa. Umeiba yangu, ukaniwekea mabovu!"

Masega ni chombo cha kusafisha moshi, kilichofungwa kwenye bomba chini ya gari. Ndani yake mna madini ya thamani, na wezi hukipenda kama panya apendavyo unga.

"Tulitazame gari kwanza, ndugu yangu," alisema Mjomba.

Ngumi ilimpata mdomoni. Aliangukia rundo la matairi, na wale wawili wakamvamia kwa mateke. Barabarani watu walisikia neno "mwizi", na neno hilo halihitaji tarumbeta. Walijaa mlangoni, mawe mikononi. Damu ilimtiririka Mjomba machoni.

Nati alisimama na ufagio wake. Alijua. Jana, Mjomba alipomaliza kubadilisha sensa ya oksijeni ya gari lile, kifaa kidogo kinachopima moshi, alimwambia aufunge waya wake juu, mbali na bomba la moshi. Wenzake walikuwa wanamwita mpirani. Alipoulizwa, alijibu, "Nimefunga," akakimbia zake. Akisema sasa, mawe yale yatamgeukia yeye. Akinyamaza, mjomba wake atakufa.

Kifua aliinua spana.

"Ni mimi!" Nati alijitupa juu ya Mjomba. "Sikufunga waya! Nilidanganya! Tazameni chini ya gari, mkikuta masega yamefunguliwa, nipigeni mimi!"

Mkono wa Kifua uliganda hewani.

"Si utazame, baba?" bibi mmoja alimkemea. "Au nguvu zako ni za kupiga tu?"

Gari liliinuliwa kwa jeki. Masega yalikuwa palepale, boliti zake zimeshikwa na kutu ya miaka. Lakini waya wa sensa ulikuwa umelalia bomba la moto hadi ganda lake likayeyuka. Sensa ilikuwa inapeleka habari za uongo, ndiyo maana mashine ikayashuku masega.

Mjomba alitema jino. Alibadilisha waya, akaufunga juu, akafuta hitilafu kwa mashine yake. Gari lilizungushwa mitaa kadhaa, na taa haikurudi. Watu walidondosha mawe kimyakimya, kila mmoja akijifanya ana haraka.

Kifua alipiga magoti. "Nisamehe, fundi. Nilikuwa nakuua bure."

"Taa ilikuambia utazame," alisema Mjomba kwa mdomo uliovimba. "Haikukuambia upige. Haya, nipeleke hospitali."

Kisha alimgeukia Nati, aliyekuwa akilia kwa kwikwi.

"Ukweli wako umeniokoa, mpwa wangu. Lakini ungeusema jana, ningekuwa na meno yangu yote. Ukificha kosa, ngumi yake humpata mwingine."